Mbolea Isiyo na Shamba: Maji ya Bahari Mombasa Yanachafuliwa na Nini Hasa?

Kila kusi inapoanza kuvuma, simu hujaa picha za ufuo wa Nyali na Bamburi uliofunikwa marundo ya majani meusi yanayonuka, na chini ya picha maneno ni yale yale: bahari imeoza, maji taka yamezidi, mwaka huu hatuogi. Siku hizo hizo watoto wanajitosa kwenye hori la Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara, maji yamejaa na kung'aa, na hakuna anayeshtuka. Mambo yako kinyume. Yale majani ya Nyali ni nyasi za bahari zilizong'olewa na mawimbi na kutupwa pwani, jambo lililokuwa likitokea kabla Mombasa haijawa na mfereji hata mmoja wa maji taka. Yanaoza, yananuka, yanalisha kaa na wadudu, na mengine hurudi baharini na bamvua linalofuata, maji yanapojaa kupita kawaida. Hori la Tudor ndilo lenye maswali.

Ili tusizunguke, tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo barazani hutiwa kapu moja. Maji ya bahari yanaweza kuchafuka kwa vijidudu, na yanaweza kuchafuka kwa virutubisho. Vijidudu ni bakteria, virusi na vimelea vinavyotoka kwenye kinyesi. Hivi ndivyo vinavyoleta kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo, na ndivyo vinavyomfanya daktari amuulize mgonjwa kama alimeza maji alipokuwa akiogelea. Vina uhai, kwa hiyo vinakufa: jua kali, chumvi na muda huvipunguza, ingawa si papo hapo.

Virutubisho ni kitu kingine kabisa. Hapa tunazungumzia hasa naitrojeni na fosforasi zilizoyeyuka majini, zile zile zilizomo kwenye mfuko wa mbolea anaoununua mkulima wa Kwale. Havimuumizi anayeogelea. Havina rangi, na kwa viwango vinavyopatikana baharini havina harufu wala ladha. Na kwa kuwa havikuwa hai, havifi. Vinahama tu: kutoka majini kuingia kwenye mmea, kutoka kwenye mmea kuingia kwa samaki, kisha matopeni, kisha majini tena.

Tofauti hii si ya wanasayansi peke yao. Chukua klorini. Mtambo wa maji taka ukitia klorini mwishoni, vijidudu vingi vitakufa na maji yale yatapita kipimo cha afya. Naitrojeni iliyokuwemo itapita nayo, nzima nzima, hadi baharini. Ndiyo maana ofisa mmoja anaweza kusimama akasema maji ni salama, mtafiti mwingine akasema bahari inaumia, na wote wawili wakawa wamesema kweli kuhusu maji yale yale.

Kuna hoja nyingine inayosikika sana kwetu, na ni haki iguswe kwa adabu: kwamba maji ya bahari ni twahara. Ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna anayebisha. Lakini hukumu ile ni ya udhu na josho, na mafakihi wenyewe walipoeleza maji yaliyoharibiwa na najisi waliangalia sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Virutubisho vyenyewe havibadilishi hata moja kati ya hizo. Tunachokitafuta hapa hakipimwi kwa mizani ile, na mtu anaweza kukubali yote mawili bila kugongana na nafsi yake.

Mbolea ikiingia majini

Bahari ya joto kama yetu ni maskini wa virutubisho kwa maumbile yake. Umaskini huo ndio uzuri wake. Maji yakikosa mbolea, vimea vidogo visivyoonekana kwa macho havizaani ovyo, mwanga wa jua unapenya hadi chini, na matumbawe na nyasi za bahari hupata nuru ya kuishi. Mwaga mbolea kwenye maji hayo na wa kwanza kunufaika ni vile vimea vidogo na mwani unaokua haraka. Maji yanageuka kijani au kahawia. Nyasi za chini zinakosa mwanga. Mwani unapanda juu ya matumbawe na kuyafunika.

Halafu vimea vile vinakufa, kwa sababu uhai wake ni wa siku chache. Vinazama, bakteria wanavila, na katika kula wanatumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Usiku ndio mbaya zaidi, maana hakuna jua la kutengeneza oksijeni mpya huku kila kiumbe kikiendelea kupumua. Mahali penye tatizo hili, samaki huonekana wakitweta juu ya maji karibu na alfajiri, na jua likishapanda mambo huonekana shwari. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wanaoweza kukimbia hukimbia, na wasioweza, kama chaza na minyoo ya matopeni, hufa. Eneo kama hilo huitwa eneo mfu. Kubwa linalojulikana sana liko kwenye Ghuba ya Meksiko, mto Mississippi unapomwaga mbolea ya mashamba ya Marekani ya kati: mwaka 2017 lilipimwa likawa na kilomita za mraba 22,730, karibu mara mia ya nchi kavu ya Kaunti ya Mombasa nzima.

Wakenya wengi wanalijua jambo hili kwa sura ya gugumaji la Ziwa Victoria, lililoziba bandari ya Kisumu miaka ya 1990. Na hapo huzuka hofu kwamba gugu lile litakuja kuziba Kilindini. Halitakuja. Ni mmea wa maji baridi na chumvi huuua. Lakini kisa cha ziwa na kisa cha bahari vinatofautiana kwa jambo la ndani zaidi, na hapa ndipo utafiti wa vyuo vikuu ulipofanya kazi kubwa.

Fikiria mama anayepika mahamri ya kuuza. Ana gunia zima la unga, sukari tele, mafuta debe, lakini hamira ni pakiti moja. Idadi ya mahamri ya asubuhi ile itaamuliwa na hamira. Ukimwongezea unga, hujamsaidia. Ukimwongezea hamira, utaona sinia zinavyojaa. Vimea vya majini viko hivyo. Kuanzia mwaka 1934 mwanasayansi wa Marekani Alfred Redfield alionyesha kwamba vimea vidogo vya baharini vina uwiano unaokaribiana kila mahali: kwa kila chembe 1 ya fosforasi, chembe 16 za naitrojeni. Kinachopungukiwa katika uwiano huo ndicho kinachoshika breki.

Mwaka 1973, kule Ontario nchini Kanada, David Schindler na wenzake waligawa ziwa dogo mara mbili kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili walitia kaboni na naitrojeni. Upande mmoja wakaongeza fosforasi. Upande huo uligeuka kijani kibichi, ule mwingine ukabaki kama ulivyokuwa, na picha iliyopigwa kutoka angani ilimaliza ubishi wa miaka mingi. Kwa ziwa lile, hamira ilikuwa fosforasi. Kwa bahari, mambo yaligeuka: utafiti uliochapishwa mwaka 1971 kuhusu maji ya pwani ya New York ulionyesha kwamba huko kinachopungukiwa mara nyingi ni naitrojeni. Kwa hiyo anayetaka kulinda ziwa ataanza kwa kubana fosforasi, sabuni za unga zikiwemo, na anayetaka kulinda bahari hawezi kuikwepa naitrojeni. Mtu akichukua suluhisho la Kisumu na kulileta Mombasa bila kugeuza chochote, atafanya kazi nzuri mahali pasipo pake.

Inatoka wapi?

Jibu la haraka ambalo watu hutoa ni mashamba. Huko Mississippi ni kweli. Kwa Mombasa, ambako mashamba ni machache na nyumba zimebanana, jibu liko karibu zaidi na sisi, na halipendezi mezani.

Hebu tupige hesabu wenyewe. Protini tunayokula, iwe ya samaki, maharagwe au nyama, ina naitrojeni kiasi cha asilimia 16. Mtu mzima hahifadhi naitrojeni hiyo. Karibu yote hutoka, na sehemu kubwa hutoka kwenye mkojo. Tuseme mtu anakula gramu 60 za protini kwa siku, basi anatoa gramu 9 na kitu za naitrojeni. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Zidisha, upate tani 11 na nusu hivi kwa siku. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Yaani mji huu, kwa kula na kwenda haja tu, unazalisha naitrojeni ya mifuko 500 ya urea kila siku inayokuja, Eid na Krismasi zikiwemo.

Si yote inayofika baharini. Lakini swali la msingi ndilo hilo: inakwenda wapi? Mji una mitambo miwili ya maji taka, Kipevu upande wa bara ya magharibi na Kizingo kisiwani, na mabomba yake yanafikia sehemu ndogo tu ya nyumba. Wengine wote tunategemea karo (tangi la chini ya ardhi la maji taka), shimo la choo, na gari la kunyonya linapopatikana. Na karo la Mombasa halikukaa juu ya udongo wa mfinyanzi. Limechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe ya kale, mwamba ule ule uliojengewa Ngome ya Yesu, wenye vitundu na nyufa kila upande. Kuna wenye nyumba wanaojisifu kwamba karo lao halijajaa tangu lijengwe. Halijajaa kwa sababu linavuja. Maji yake yanashuka hadi maji ya ardhini, na maji ya ardhini kisiwani na pwani hayana pa kwenda isipokuwa visimani na baharini. Ukitembea ufuoni maji yamekupwa, mahali pengine utaona vijito vidogo vikibubujika mchangani, maji yasiyo na chumvi nyingi, baridi kuliko ya bahari. Hayo ni maji ya ardhini yanayotoka.

Watafiti waliopima visima vya Kisauni walikuta humo vijidudu na naitreti, ambayo ni sura mojawapo ya naitrojeni, chanzo kikiwa vyoo vya jirani. Kwa kisima jambo hili ni la afya moja kwa moja: Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga, maana naitreti nyingi huzuia damu yao kubeba oksijeni. Kuchemsha hakusaidii. Ukichemsha, vijidudu vinakufa, lakini maji yanapungua kwa mvuke na naitreti inabaki, tena kwa ukali zaidi.

Mbona basi hatuoni samaki wamekufa?

Swali zuri, na jibu lake ni maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, bahari Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mara mbili kwa siku, maji mengi yanaingia kwenye mahori na kutoka. Bahari ya Baltiki kule kaskazini mwa Ulaya, au Ghuba ya Meksiko, hazina bahati hiyo. Huko maji hupanda kidogo sana, na uchafu hukaa. Anayesema bahari inajisafisha ana ushahidi wake, na tusimcheke.

Ila kujisafisha huko si sawa kila mahali. Mdomo wa hori, karibu na Ngome, unabadilishana maji na bahari kuu kwa nguvu. Ukienda ndani, kuelekea inapoingia mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu, maji yale yale yanaweza kwenda na kurudi bila kutoka nje. Wakati wa maji mafu, bahari inapopanda kidogo, hali ni nzito zaidi. Hori la Makupa lilikuwa mfano mbaya kupita yote: barabara ya kujaza mawe ilizuia maji kupita kati ya Tudor na upande wa Port Reitz, na kando yake palikuwa na jaa la Kibarani. Daraja lililofunguliwa mwaka 2022 lilijengwa kwa sababu hiyo pia, maji yapite chini. Ni kazi ya uhandisi iliyofanya jambo la ikolojia, na sijui kwa nini hatulisifu zaidi kwa hilo kuliko kwa foleni ya magari.

Na hata maji yanayotoka hayaendi kupotea. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unaelekea kaskazini. Ukitoka Kilindini na Tudor, kaskazini ni Nyali na Bamburi, ilipo Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986. Huko madhara hayaji kwa samaki kuelea matumbo juu. Yanakuja polepole: mwani unaongezeka kidogo kidogo, matumbawe machanga hayapati jiwe tupu la kushika, na matumbawe yanayoishi kwenye naitrojeni nyingi hustahimili joto kwa taabu zaidi maji yanapopanda joto. Hapa pia uvuvi unaingia. Tafi na pono wanakula mwani. Mahali walipovuliwa wakaisha, mbolea kidogo inatosha kuharibu. Mahali walipo wengi, mwamba unaweza kuvumilia zaidi. Anayelaumu maji taka peke yake na anayelaumu nyavu peke yake wanashika ncha mbili za kamba moja.

Nami niongeze tahadhari upande wa pili. Si kila maji yanayogeuka rangi yametokana na choo. Mwanzoni mwa 2002 samaki wengi walikufa kutoka pwani ya Somalia hadi kaskazini mwa Kenya, na kilichoshukiwa ni mlipuko wa vimea vidogo vyenye sumu, mbali kabisa na mji wowote mkubwa. Bahari nayo ina mambo yake.

Mikoko itatusafishia?

Hii ni imani mpya, na imeenea haraka kwa sababu inafurahisha. Ina ukweli ndani yake. Kwenye matope ya mikoko, sentimita chache tu chini, hakuna oksijeni, na bakteria wa humo huchukua naitreti na kuigeuza gesi ya naitrojeni inayorudi hewani, hewa hii tunayovuta ambayo asilimia 78 yake ni gesi hiyo hiyo. Hapo naitrojeni imetoka majini kweli. Kati ya 2005 na 2008 mradi uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya, ukiunganisha vyuo vikuu vya Ulaya na Afrika Mashariki, ulichunguza kama mikoko ya kando ya miji inaweza kuchuja maji taka, na Mikindani ya hapa Mombasa ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa.

Walichokikuta kinafaa kusomwa mara mbili. Mikoko ya Mikindani ilikuwa imesimama, ya kijani, na kaa walikuwa wengi kuliko kwenye mikoko isiyopata maji taka. Mpita njia angesema msitu umenawiri. Lakini suka, wale konokono wakubwa wa matopeni, hawakuwepo. Msitu ulikuwa ukipoteza wenyeji wake huku majani yakizidi kung'aa. Kwa hiyo mikoko inachuja, kwa kipimo, na inalipia. Kuitegemea kama mtambo wa bure ni kumtwisha mbeba mzigo bila kuuliza uzito. Njia ya busara zaidi ilijaribiwa gereza la Shimo la Tewa, karibu na Mtwapa, ambapo mradi ulioungwa mkono na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ulitengeneza kinamasi cha makusudi cha kuchuja maji taka kabla hayajafika horini. Huko mimea imepandwa kwa kazi hiyo, na ikichoka inang'olewa na kupandwa mingine.

Wanapimaje?

Kazi yenyewe ni ya mikono na subira. Mtafiti anateremsha sahani nyeupe kwa kamba hadi isionekane, anaandika urefu wa kamba. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1865 na padre wa Kiitaliano, Angelo Secchi, na bado hakijapata mpinzani kwa bei yake. Kisha anachota maji kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji yale yale, anayapitisha kwenye karatasi ya kuchujia yenye ukubwa wa sarafu, anaweka chupa kwenye barafu. Karatasi hubaki na doa la kijani kavu: hivyo ndivyo vimea vidogo, na doa likilowekwa kwenye asetoni rangi yake hupimwa kwa mashine.

Maabara, maji yanapitishwa kwenye kijibomba kilichojaa chembe za kadmiamu zilizopakwa shaba, ambazo hubadilisha naitreti kuwa naitraiti, sura nyingine ya naitrojeni. Tone la dawa likitiwa, maji yasiyo na rangi yanageuka waridi. Kadiri waridi linavyokolea ndivyo naitrojeni ilivyo nyingi. Fosforasi yenyewe huleta buluu. Kuna safu za vijichupa kutoka waridi hafifu hadi waridi ya sharubati, na ukipewa kuzitazama hutahitaji kuelezwa ipi ilichotwa karibu na bomba.

Swali gumu zaidi ni naitrojeni hii ni ya nani. Hapo kuna ujanja mzuri. Chembe nyingi za naitrojeni zina uzito wa 14, chache zina uzito wa 15. Mbolea ya kiwandani hutengenezwa kwa naitrojeni ya hewa, na mchanganyiko wake unafanana na wa hewa. Katika maji taka, zile nyepesi hutangulia kupotea kama gesi, na zinazobaki huwa na uzito mkubwa zaidi. Mwani unaokua kwenye maji hayo huibeba alama hiyo mwilini. Mtafiti akichuma mwani kutoka sehemu kadhaa za pwani na kuupima, anaweza kufuata nyayo za choo hadi umbali ambao hakuna pua ingeweza kunusa.

Jambo moja linalowachanganya watu magazetini ni matokeo yanayopingana. Mmoja amepima akakuta hori baya, mwingine amepima akakuta zuri. Uliza kwanza: ilikuwa saa ngapi? Maji yaliyochotwa hori likiwa limejaa ni maji ya bahari kuu yaliyoingia asubuhi ile. Yaliyochotwa yanapomalizika kupwa ni maji yanayochuruzika kutoka matopeni na mitaroni. Ongeza masika na kiangazi. Sampuli moja, hata ikipimwa kwa mashine ya mamilioni, haisemi chochote kuhusu hori.

Kwingine walifanya nini

Ghuba ya Kāneʻohe kule Hawaii inatuhusu kwa sababu ina matumbawe kama sisi. Maji taka yalimwagwa humo kwa miaka, na mwani wa kijani ulifunika matumbawe. Mwaka 1977 na 1978 mabomba yakaelekezwa bahari ya kina, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii walikuwepo kupima kabla na baada. Maji yalitulia upesi, ndani ya miezi. Mwani ulipungua sana lakini haukuondoka, kwani matope yaliyolishwa kwa miaka yaliendelea kutoa akiba yake. Kilichozama jana kinatoka leo.

Tampa Bay, Florida, nako sheria ililazimisha mitambo iondoe naitrojeni, na mtambo mkubwa wa mji ulibadilishwa mwaka 1979. Nyasi za bahari zilirudi, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 zilikuwa zimefika kiwango cha miaka ya 1950. Zaidi ya miaka thelathini. Kisha zikaanza kupungua tena.

Ghuba ya Chesapeake, mashariki mwa Marekani, ndiko kazi ya chuo kikuu ilikoonekana zaidi. Mwaka 2010 serikali ya Marekani iliweka kikomo cha naitrojeni inayoruhusiwa kuingia ghuba ile: tani 84,000 hivi kwa mwaka, zikigawanywa kati ya majimbo sita na mji wa Washington. Nambari hiyo isingewezekana bila miongo ya vipimo na modeli za watafiti. Chuo Kikuu cha Maryland hutoa kila mwaka ripoti ya ghuba kama ya mwanafunzi, kuanzia A hadi F. Ghuba hupata C au alama iliyo karibu nayo, mwaka nenda mwaka rudi. Lengo la kukamilisha kazi hiyo kufikia 2025 halikufikiwa. Lakini kila jimbo linajua fungu lake, na likizidisha linajulikana.

Mombasa si mji usio na wajuzi. KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, iliyoanzishwa mwaka 1979, iko Mkomani, ufuoni kabisa. Chuo Kikuu cha Kiufundi kiko Tudor, mtu akitembea kidogo yuko horini. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Tunachokosa, kwa maoni yangu, ni mfululizo. Tasnifu ya uzamili ina mwaka mmoja au miwili ya kupima, mwanafunzi anahitimu, chupa zinawekwa kabatini. Hori halihitimu. Ningetoa miradi mitano ya miaka miwili nikapata sehemu kumi tu zinazopimwa kila mwezi, kwa saa ile ile ya maji, kwa miaka ishirini, matokeo yakibandikwa mahali pa wazi, Feri na Kongowea.

Na siku mtambo mpya wa maji taka utakapotangazwa, kuna swali ambalo mwananchi anaweza kuliuliza mkutanoni bila shahada yoyote. Mtambo wa hatua ya kwanza hutuliza maji ili yabisi izame. Wa hatua ya pili huwapa bakteria hewa ili wale uchafu unaooza. Maji hutoka maangavu, na sehemu kubwa ya naitrojeni hutoka nayo. Kuiondoa kunataka hatua nyingine, chumba chenye hewa kikifuatwa na chumba kisicho na hewa, kazi ile ile ya matope ya mikoko lakini ndani ya saruji, na gharama yake ya umeme ni kubwa. Kwa hiyo usiishie kuuliza mtambo utasafisha lita milioni ngapi. Uliza utatoa kilo ngapi za naitrojeni kwa siku, na zitatokea bomba gani. Wakijibu kwamba hatua ya tatu ni ghali, waulize kama maji ya hatua ya pili, vijidudu vikishauawa, yanaweza kupelekwa kumwagilia nyasi za mahoteli na miche ya miti bara badala ya kumwagwa horini. Huko naitrojeni ile ile inanunuliwa kwa mfuko.